Mstari wa Kalamu Kwenye Kioo

Mchana nasoma mita za watu,
Ipagala, Ilazo, mpaka Nkuhungu kwenye mbwa wakali.
Usiku nasoma maji yangu mwenyewe:
lita mia mbili na kumi, sebuleni,
kati ya kabati la vyombo na mlango wa jikoni,
bahari isiyo na samaki.

"Baba Sechelela kajaza maji," wanasema mtaani,
"kayatia chumvi, sasa anayaangalia."
Kweli. Sina la kujitetea.

Maji ya visima vyetu ni magumu,
huacha ukoko mweupe kwenye sufuria,
hula koili ya birika kabla ya mwaka.
Nayapitisha kwenye chujio tone kwa tone:
ndoo moja safi, ndoo tatu za kumwaga,
na mgawo ni Jumatano tu.
Zile tatu anazichukua Mama Ndalu kwa mchicha wake.
Mchicha hauulizi.
Mimi ndiye ninayeuliza
kila nikisikia mita yangu inazunguka.

Bibi yangu alikwangua chumvi mbugani Bahi,
udongo wa juu, kabla jua halijakaza,
akauchuja kwenye chungu kilichotobolewa,
akachemsha mpaka kuni zikaisha, weupe ukabaki.
Nilitamani kutumia ya kwake. Haifai.
Matumbawe hayataki ukali wa ulimi peke yake,
yanataka kalsiamu, magnesiamu,
na wengine wengi walioshikana mikono:
ukimvuta mmoja, wa pili anaanguka.
Yangu ilikuja kwenye buti la basi la Dar,
mfuko wa kilo ishirini.
Konda aliniuliza naziba ufa gani.

Siku ya tisa, amonia.
Matone manane kwenye kichupa, tikisa, subiri.
Kijani cha mlenda.
Ni sumu, nami niliingoja kama mshahara,
maana kuna wadogo wasioonekana, ndani ya mawe,
ambao chakula chao ni hiyo.

Siku ya kumi na tisa imeshuka, nitriti imepanda,
zambarau, kama vidole vya wavuna zabibu.
Sumu imezaa sumu.
Nayo ina mlaji wake, ila huyo hachelewi kidogo.

Siku ya ishirini na sita mawe yakaota utando wa kahawia.
Mke wangu akasema, "Imeoza."
"Haijaoza, inakomaa."
"Hata jipu husemwa hivyo."

Kisha umeme.
Saa nne usiku, Julai, upepo unapiga bati,
pampu ikanyamaza, na nyumba nzima
ikasikia jinsi ilivyokuwa ikinguruma.
Maji yakisimama, wale wadogo hukosa pumzi.
Nikachukua kikombe: chota, mwaga kutoka juu,
chota, mwaga.
Sechelela akatoka na blanketi mabegani, akashika tochi.
"Baba, tunamwokoa nani? Humu hamna mtu."
"Wanaokula sumu," nikasema.
Akafikiri, kwa kadiri ya darasa la nne.
Akaniwekea tochi kwapani,
akaenda kuleta kikombe chake cha uji.
Umeme ulirudi saa tisa.

Hewa ya hapa ni kavu, hunywa bila kukaribishwa.
Kila jioni maji yameshuka upana wa kidole.
Mwanzoni niliongeza maji ya chumvi, kama mtu mwenye akili,
na kipimo kikapanda, thelathini na saba, thelathini na tisa,
mpaka nikaelewa nilichokijua tangu kwenye chungu cha bibi:
maji huondoka, chumvi haina safari.
Sasa narudisha yaliyoondoka tu, matupu,
mpaka kwenye mstari aliouchora Sechelela kwa kalamu ya wino mzito,
umepinda kidogo upande wa kushoto.

Leo amonia sifuri. Nitriti sifuri.
Sijaamini, nimepima tena, nimemaliza matone.
Na chini ya jiwe la pili ametoka konokono,
mdogo kuliko punje ya uwele,
ambaye hakuna aliyemnunua.
Sechelela amempa jina.
Hataki kuniambia.